Wanataka nifanye sherehe ya shukrani, na jirani yangu ametoka kuzika

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, Mama, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kimara, na nimelelewa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tangu ubatizo. Nina genge la mboga na matunda. Ndizi nachukua Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, na nyanya nafuata Ilala bei ikiwa nzuri. Mume wangu ni seremala. Hatukuwa na mali, lakini hatukulala njaa, na ada za watoto zilitoka kwenye genge hilo hilo.

Mwezi wa tatu kijana wangu mkubwa, ana miaka 19, alitoka mazoezi ya kwaya ya vijana usiku akiwa na rafiki yake, mtoto wa jirani yetu wa ukuta mmoja. Mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka. Wakapanda bodaboda moja wote wawili, mishikaki, kama vijana wanavyofanya. Gari likawagonga kwa nyuma likakimbia. Dereva wa boda alichubuka tu. Wangu alivunjika paja na mguu wa chini. Rafiki yake alifika hospitali anaongea, akamwulizia mama yake, na kesho yake akafariki.

Mama, hao watoto wamekula sahani moja tangu hawajaanza shule. Nilipojifungua wa pili, mama yake ndiye aliyenikanda, wala hakutaka hata nauli ya kwenda kununua mkaa. Mwili ulisafirishwa kwenda kuzikwa kwao mkoani, na mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa wodini na wangu. Nilituma rambirambi kwa simu. Aliporudi nilimpa pole mlangoni, nikashindwa kuingia ndani. Tangu hapo tunasalimiana getini, kila mtu anaingia kwake.

Kijana wangu amewekewa vyuma, sasa anatembea kwa magongo. Mtaji wa genge umeishia kwenye dawa na nauli za kliniki. Kuna siku meza yangu ina mafungu sita ya nyanya na mchicha tu.

Tulipopata nafuu kidogo nikarudi kwenye ibada ya jumuiya. Mzee wa kanisa akasimama akasema, "Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu, maana ingeweza kuwa yeye anayelia leo." Akasema Mungu ni mwema, watu wakaitikia kila wakati. Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Hakuitikia. Mimi pia nilishindwa. Sijarudi tena jumuiya, na yeye nasikia hajarudi.

Sasa shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, ameitisha kikao cha ukoo. Wanataka tufanye ibada ya shukrani nyumbani: turubai, viti, spika, kwaya mbili, pilau, na sare ya kitenge kwa ukoo mzima. Bajeti imefika shilingi 2,400,000, na mimi nimeambiwa nikope 1,000,000 kwenye kikoba changu. Turubai lenyewe litafungwa kwenye ukuta wa jirani, kwa sababu uwanja wetu ni mdogo. Nilipoonyesha wasiwasi shemeji akaniambia kushukuru ni kuomba tena, na kwamba mtu asiyeshukuru Mungu humnyang'anya hata alichomwachia. Akasema, "Safari nyingine hatapona." Neno hilo limenikaa. Usiku naamka kusikiliza kama kijana anapumua.

Mama, tatizo langu kubwa siyo hata pesa. Tatizo ni kwamba neno asante halitoki. Nikifumba macho kusali namwona mama wa mwenzake. Nikisema "asante Mungu" nasikia kama namwambia asante kwa kumchukua wa mwenzangu ukaniachia wangu. Zamani nilikuwa mtu wa shukrani. Nilikuwa nikifungua genge alfajiri nashukuru, nikiuza fungu la kwanza nashukuru, mvua ikipita bila kuingia ndani nashukuru. Wateja walikuwa wananitania kwa hilo. Sasa nimekauka, na kila mahali naambiwa moyo usio na shukrani hukausha mema yote, hata kwenye daladala nimelikuta limeandikwa.

Je, ninatenda dhambi? Nifanye hiyo sherehe ili niondoe hofu? Na nikitaka kuanza tena kumshukuru Mungu kama zamani, naanzia wapi?

Mama wa genge, Kimara

JIBU

Amina, mwanangu, na marahaba.

Pole ya kuuguza, na pole ya msiba. Kijana aliyekula sahani moja na wako alikuwa wako pia, na katika barua yako yote sijaona mahali mtu alipokupa pole ya kumpoteza. Watu wamekuhesabia mtoto aliyebaki, wamesahau kwamba na wewe umefiwa.

Nianze na lile neno la shemeji yako, maana ndilo linalokuamsha usiku. Fungua Luka 17. Wenye ukoma kumi walipaza sauti wakiwa mbali, Yesu akawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, wakatakaswa wakiwa njiani. Mmoja tu akarudi, naye alikuwa Msamaria. Yesu akauliza, "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Aliumia, hilo linaonekana wazi. Lakini soma mpaka mwisho uone kama ukoma uliwarudia wale tisa. Luka hasemi hivyo popote. Waliponywa bila kuwekewa sharti, wakaenda zao, na hakuna aliyetumwa kuwafuata na kuwarudishia ugonjwa. Yesu aliwakosa hao tisa, hakuwalipizia. Mungu anayeshika mguu wa mtoto kama rehani mpaka mama apike pilau simjui, na ninakuomba usimwogope, kwa sababu hayupo.

Ule msemo wa kushukuru ni kuomba tena nimeukulia kama wewe. Una wema wake ukisemwa na mtu anayepokea kwa heshima. Ukisemwa kama shemeji alivyousema, unageuka malipo ya awali kwa ajili ya muujiza unaofuata, na hapo shukrani imekwisha, kimebaki kikao cha biashara.

Nije kwa mzee wa kanisa. Nina hakika alitaka kukutia moyo. Lakini "ingeweza kuwa wewe" ni neno ambalo kanisa letu lingepaswa kulizika kabisa, na ningependa mahubiri yaandaliwe juu yake. Katika Luka 18 kuna mtu mmoja aliyesimama hekaluni akashukuru vizuri sana: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Yesu alisema huyo hakushuka nyumbani amehesabiwa haki. Shukrani inayohitaji mtu mwingine awe chini ndiyo ipate kusimama, Bwana aliikataa. Tunaisema kila siku, tena kwa upole: mshukuru Mungu, wenzako wako wodini, mshukuru Mungu, wenzako hata mlo mmoja hawana. Huyo "mwenzako" anayetajwa ana masikio. Siku ile alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Na swali la kwa nini mmoja afe na mwingine apone, Yesu alikutana nalo uso kwa uso. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa. Akawauliza waliomsikiliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Jiji letu linaijua habari ya namna hiyo. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, wapo waliotolewa hai na wapo waliotolewa wamefunikwa, na wote walikuwa wameamka asubuhi ile kwenda kutafuta riziki. Hakuna mizani mbinguni iliyompima mtoto wako na wa jirani ikamwona wako mzito. Waligongwa na gari, gari lilikuwa na dereva, na dereva alikimbia. Dhambi iliyofanyika barabarani ina mwenyewe, usimbebeshe Mungu usukani wake.

Kwa hiyo moyo wako ulipokataa kusema "asante kwa kumchukua wa mwenzangu," ulikataa vema. Asante ya namna hiyo Mungu hajakuomba. Unaona dhambi mahali ambapo mimi naona upendo kwa jirani ukifanya kazi yake.

Najua utaniletea 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo." Ni neno la Mungu, silipunguzi. Ila rudi nyuma sura moja tu. Katika sura ya nne Paulo anaandika kwa watu hao hao waliokuwa wamefiwa, wanahangaika juu ya wapendwa wao waliolala mauti, naye anawafariji kwa ufufuo. Hakuwaambia wafurahie makaburi. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, maana yake kuhuzunika wahuzunike. Waliopokea agizo la kushukuru ndio waliokuwa na machozi usoni.

Na Bwana mwenyewe? Yohana 11. Yesu anafika Bethania, anawakuta Mariamu na Wayahudi wanalia, naye analia machozi. Mistari michache baadaye, mbele ya kaburi la Lazaro waliyekuwa wakimlilia, anainua macho anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Hakufuta uso kwanza ndipo aruhusiwe kushukuru. Na usiku aliotolewa alitwaa mkate akashukuru, akijua nani anatoka mezani kwenda kumsaliti. Tunapokwenda kwenye Meza ya Bwana tunakula mkate ulioshukuriwa na mtu aliyekuwa na huzuni nyingi kiasi cha kufa. Hapo ndipo shukrani yetu ilipozaliwa, mwanangu. Kwa hiyo huna haja ya kusubiri huzuni iishe ndipo urudi kwa Mungu, wala huna haja ya kuificha.

Sasa sherehe.

Usiifanye. Siyo sasa, siyo kwa turubai hilo, na siyo kwa fedha ya kikoba. Kumbuka fedha ya kikoba ni ya akina mama wenzako wanaosubiri zamu yao. Ukishindwa kurejesha, wao ndio watakaokuwa wamelipia pilau yako. Paulo alipokuwa akiwachangisha Wakorintho aliandika kwamba nia ikiwepo, sadaka "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Hilo ni 2 Wakorintho 8:12, mpe mume wako alisome kikaoni. Mtoto Yesu mwenyewe alipopelekwa hekaluni, Yusufu na Mariamu walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo torati iliwawekea watu wasiomudu mwana-kondoo. Hakuna malaika aliyewaambia wakakope.

Ila nisikilize vizuri: kukataa turubai siyo kukataa kushukuru. Torati ilikuwa na sadaka ya shukrani kabisa, na ina jambo moja ambalo ningetaka ukoo wenu ulijue. Walawi 7:15: nyama ya sadaka hiyo iliwe siku ile ile, isibakizwe hata asubuhi. Fikiria mnyama mzima, na jua linazama. Familia moja haiwezi kummaliza. Ukitaka kuitii sheria hiyo ni lazima uwaite wengine wale nawe. Na katika Kumbukumbu la Torati 26, mkulima akishaleta kikapu cha malimbuko anaambiwa afurahie mema hayo yeye na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Katika Maandiko, kipimo cha shukrani ni nani amekaa mezani. Sherehe yenu, kwa jinsi ilivyopangwa, inamfungia nje mtu mmoja ambaye bila yeye huyo mtoto asingekuwa na nusu ya kumbukumbu zake, tena inamfungia kwa kamba ya turubai kwenye ukuta wake mwenyewe.

Kwa hiyo anzia kwake. Kabla ya bahasha, kabla ya mchungaji, kabla ya kikao. Nenda jioni moja ukiwa umevaa kanga zako za nyumbani, usiende na ujumbe wala mistari. Beba ulicho nacho gengeni, hata kama ni mchicha na nazi. Mwambie lile ambalo hujamwambia: kwamba hukumzikia mtoto kwa sababu ulikuwa wodini, na kwamba limekuuma. Mtaje kijana kwa jina lake. Wafiwa wengi huumizwa na jinsi watu wanavyoacha kulitaja jina la marehemu mbele yao, wakidhani wanawasaidia. Kama atalia, lieni. "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao," ameandika Paulo, na wewe mwaka huu umepewa yote mawili kwa mkupuo. Kama atakaa kimya, kaa naye. Kama atakufungia mlango, usimlaumu. Mwachie mboga mlangoni, rudi siku nyingine. Huyu ni mama aliyekukanda maji ya moto ukiwa hujiwezi, anaweza kuuvumilia uso wako kuliko unavyodhani.

Kwa shemeji, usiende wewe. Mwachie mume wako aongee na kaka yake, ndugu kwa ndugu, na wakishindwana mwende kwa mchungaji wenu. Wachungaji wa usharika wameshaona shukrani za kila namna, na sidhani kama yupo atakayekulazimisha ufunge spika kwenye ukuta wa mfiwa. Jumapili mtakayokuwa tayari, tieni katika bahasha ya shukrani kile mlicho nacho, mwandike maneno machache ya kweli: tunamshukuru Mungu kwa kijana wetu kupata nafuu, na tunaomba faraja kwa jirani zetu. Hiyo sehemu ya pili muulize kwanza mama yake kama anaridhia kutajwa. Na sikukuu ya mavuno ikifika peleka kikapu cha genge lako mwenyewe, kiingie kwenye mnada na mayai na kuku wa wengine. Hiyo ni shukrani kamili.

Halafu kuna watu. Nani alimbeba kijana barabarani usiku ule? Nani alitoa damu? Hospitalini ndugu na marafiki huombwa wajitolee damu, na kama alifanyiwa upasuaji wa paja, kuna mtu ana alama ya sindano mkononi kwa ajili yake, labda kijana mmoja wa kwaya ambaye hakuna aliyemkumbuka. Muuguzi wa zamu ya usiku je? Aliyekulindia genge? Paulo, aliyekuwa akimshukuru Mungu karibu katika kila barua, hakuona aibu kuwashukuru watu: mwisho wa Warumi anawataja Priska na Akila, waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake, na kusema anawashukuru. Ukishindwa kuinua macho mbinguni wiki hii, mpigie simu aliyetoa damu. Mungu hatahesabu kwamba umekosea anwani.

Umeuliza unaanzia wapi, na hapa ndipo ningependa tukae.

Usianze na jambo kubwa. Usijaribu kushukuru kwa uhai wa kijana bado, kama neno hilo linakukwama. Litakuja lenyewe siku yake. Anza na kitu unachoweza kukitaja bila moyo kukusuta. Umefika Mabibo gizani, umepata mkungu ambao haujachubuka: sema, "Bwana, asante kwa mkungu huu." Konda amekusaidia kupandisha tenga: "Asante kwa mkono wa huyu kijana." Kwa jina, kitu kimoja, kisha nyamaza. Tumezoea kusali "asante kwa yote, asante kwa kila kitu," na sala hiyo huweza kupita mdomoni bila kugusa chochote. Zaburi ya 136 haifanyi hivyo. Inataja jua, inataja mwezi, inataja Bahari ya Shamu, inawataja hata wafalme kwa majina, na karibu na mwisho inamtaja yeye awapaye chakula wote wenye mwili. Mtunzi hakuwa na haraka.

Kando ya asante hiyo ndogo weka haja yako kubwa, bila kuona haya. Wafilipi 4:6 imeviweka pamoja kusali, kuomba na kushukuru, na aliyeandika alikuwa kifungoni. "Asante kwa mkungu huu, na mtaji umekwisha, nisaidie." Hiyo ni sala nzima.

Ushike sana muda wa chakula. Hata nyumba iliyochoka ina sala ya chakula, na mara nyingi tumeiacha iwe kelele ya watoto kabla ya kijiko. Katika Matendo 27 Paulo yuko kwenye merikebu yenye watu 276, wamepigwa na dhoruba siku nyingi, hawajala. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaanza kula, na wote wanachangamka wanakula. Baadaye merikebu ilivunjika vile vile. Shukrani ile haikuzuia merikebu kuvunjika. Iliwapa watu nguvu ya kuogelea mpaka nchi kavu. Mezani kwako mtu mmoja aseme polepole kilichopo: ugali, mchicha wa jana, maji. Kila siku asali mwingine.

Usiku, kabla hujaanza kule kusikiliza pumzi, soma Zaburi ya 92 mwanzoni: ni neno jema kuzitangaza rehema zake asubuhi, na uaminifu wake wakati wa usiku. Mwambie Mungu jambo moja la siku hiyo. Siku ambayo huna, mwambie huna, usitunge. Soma Zaburi ya 13 badala yake, ni mistari sita tu. Inaanza kwa "hata lini utanisahau" na inamalizia kwa wimbo. Na siku ambayo hata wimbo huo ni mwingi, ipo ya 88, inayoishia gizani kabisa, na bado imo ndani ya Biblia na ni sala.

Gengeni, mpe mtu nyongeza. Umesema meza ina mafungu sita tu, kwa hiyo simaanishi ugawe mtaji. Majani mawili ya mchicha kwa bibi anayekuja na sarafu zake, kimyakimya, kwa ajili ya Mungu. Nimeona moyo uliokauka ukilainika kwa njia hiyo haraka kuliko kwa mkesha.

Jumuiya rudi, lakini siyo kabla ya kwenda kwa jirani. Ikiwezekana rudini pamoja. Na mzee wa kanisa mwendee faraghani wewe na mume wako, kwa heshima, mwambieni neno lile lilikuumiza wewe na jirani yako. Mtu mwenye nia njema atashukuru kuambiwa.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo limenisumbua zaidi kuliko yote. Umeniandikia habari za shemeji, za mzee wa kanisa, za jirani, za kikoba. Mwenye mguu hujaniambia anasemaje. Ana miaka 19, amempoteza rafiki aliyekuwa nyuma yake au mbele yake kwenye kiti kile kile, na sasa ukoo unapanga kumsimamisha chini ya turubai kwa magongo, spika zikimwita muujiza, mama wa rafiki yake akisikia upande wa pili wa ukuta. Je, analala? Anataja jina la mwenzake? Amewahi kukuuliza kwa nini yeye? Vijana wengi walionusurika hubeba lawama wasiyostahili na huificha wasiwaongezee wazazi mzigo. Kabla ya kikao cha ukoo, kaa naye mkichambua mboga, mikono ikiwa na kazi, umuulize anataka nini kifanyike kwa ajili yake na kwa ajili ya rafiki yake. Akikuambia anataka kwenda nawe kwa jirani, mchukue. Akiwa hali chakula wala halali usingizi, au akisema maneno ya kutotaka kuishi, usingoje kikao chochote: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, umweleze daktari wazi, na mchungaji ajue.

Niandikie utakapokuwa umeongea naye.